Namna ya kutoa printi za maana kutoka kwenye mchoro wako mwenyewe

Wachoraji wenzangu, hasa nyie wa tingatinga, mnajua inavyouma, mchoro umekaa nao wiki mbili, mtu kaununua kaondoka nao, kesho anakuja mwingine anautaka ule ule na huna. Printi ndo inasaidia hapo, ila iwe printi ya kuheshimika, sio umepeleka kwa watu wa mabango umerudi na kitu kama tangazo la duka. Na piga picha kabla hujauza, ukishauza umeshachelewa.

Kazi kubwa iko kwenye picha. Ikiwa mbovu hakuna karatasi wala mashine itakayokuokoa. Sisi tuna shida yetu ya peke yake, tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza pale Dar mwaka 1968 rangi yetu ni ile ya mafuta inayong'aa, ya kupakia baiskeli, na ukiipiga picha inarudisha mwanga kama kioo. Mara ya kwanza mi nilimpiga chui wangu sebuleni kwa flashi, kwenye simu nikaona safi kabisa, kuja kuiprinti A3 mgongoni kwa chui kuna doa jeupe ukubwa wa sahani na kwenye ile nyeusi ya nyuma ukikazia macho unaona kivuli cha shati langu jeupe. Hela ikaenda, na doa la hivyo hata kwenye kompyuta halitoki, maana rangi ya chini yake haipo kwenye picha kabisa.

Kwa hiyo zima flashi. Toka nje kwenye kivuli, barazani asubuhi au siku ya mawingu, jua lisipige mchoro moja kwa moja, vaa nguo nyeusi na nyuma ya kamera tundika shuka jeusi, kwa sababu rangi inayong'aa inaonyesha kile kilichoko mbele yake na ikikuta weusi haina cha kuonyesha. Kama unapiga ndani tumia taa mbili za aina moja, moja kila upande kwa digrii 45, funga pazia uzime na taa ya dari, mwanga wa njano ukichanganyika na wa dirishani utahangaika na rangi mpaka uchoke.

Halafu kamera iutazame mchoro uso kwa uso, ikiinama kidogo tu boksi lako la mraba linatoka limepinda. Hapa kuna ujanja naupenda sana: bandika kioo kidogo bapa ukutani pale katikati ya mchoro itakapokuwa, chungulia kwenye kamera uisogeze taratibu, juu, chini, pembeni, mpaka lenzi ijione yenyewe katikati ya kioo. Ikishajiona kaza stendi, toa kioo, weka mchoro ukiwa umelala ukutani vile vile kama kioo kilivyolala. Weka ISO 100 (kamera isiongeze mwanga kwa nguvu, picha isitoke na chenga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), lenzi ya milimita 50 kwenda juu, piga RAW (faili ghafi la kamera ambalo halijabanwa), na weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitingishe kamera. Picha ya kwanza piga na kadi ya kijivu mbele ya mchoro, ndo utakayotumia kusawazisha rangi.

Saizi ni hesabu tu. Printi nzuri inataka pikseli 300 kwa kila inchi, A3 ni 4961 kwa 3508, kamera ya megapikseli 24 inafika bila shida, simu ya 12 iishie A4.

Kwenye kompyuta punguza mwanga wa skrini, skrini ikiwaka sana printi itatoka na giza ushangae. Weka orijino pembeni dirishani uwe unalinganisha, sio kwa kukumbuka. Muulize mwenye printa profaili ya karatasi yake, yaani faili linaloiambia kompyuta rangi zitatokaje kwenye karatasi hiyo, na kabla ya kutoa zote mwambie atoe kipande kimoja chembamba chenye nyekundu yako na nyeusi yako. Kiangalie nje kwenye mwanga wa mchana, dukani taa zinadanganya.

Wino uwe wa pigmenti (wa chembe ndogo za rangi, haupauki haraka), karatasi isiyo na asidi, gramu 300 hivi. Wengi watakwambia chukua ya pamba isiyong'aa kama Hahnemühle Photo Rag ya gramu 308, na kwa rangi ya maji nakubali kabisa, ni tamu, lakini kwa tingatinga ile nyeusi inapoa na chui anakosa nguvu, mi naona karatasi ya barita, ile ya picha yenye tabaka jeupe la bariamu, yenye mng'ao kidogo ndo inaitendea haki rangi ya baiskeli.

Saini kwa penseli chini, nje ya picha, namba kushoto na jina kulia. Ukiandika 5/30, yaani printi ya tano kati ya 30, basi ni 30, hata watu wakizililia usitoe ya 31, aliyenunua ya 5 amekuamini. Na kwa sie wa pwani mwambie fundi fremu aweke kadi nene ya pembeni inayotenganisha printi na kioo, vikigusana kwenye joto na unyevu wetu huu printi inanata, na ukijaribu kuibandua wino unabaki kwenye kioo.