SOMO: Kufunga pakeji ya AC inayopoza na kupasha joto, hatua kwa hatua (na kwa nini maji yanadondoka ukumbini)

Wakuu, habari za saa hizi. Kila wiki inboksi yangu inaletewa swali lilelile: "Fundi, pakeji inapoza vizuri ila maji yanadondoka ndani, gesi imeisha?" Gesi haijaisha. Nimejibu hili mara nyingi mno, sasa naliandika mara moja na atakayeuliza tena nitamrushia uzi huu.

Kwa wageni: pakeji ni AC ya kabati moja linalokaa nje, chini au juu ya paa. Kompresa, koili zote mbili (ya hewa ya ndani na ya hewa ya nje) na feni vimo humohumo, gesi imejazwa kiwandani. Kwa hiyo habari za kuunga mabomba ya shaba na kuvuta vakyumu kama kwenye spliti hazipo. Wewe unaunga dakti (njia za kupeleka na kurudisha hewa), bomba la maji na umeme. Ndiyo maana watu wanaona ni kazi rahisi.

Mfano ninaotumia ni pakeji ya tani 10 (kama kilowati 35 za kupoza), fezi tatu, kwenye ukumbi wa sherehe hapa Arusha. Watu wa Dar msishangae hiyo ya kupasha. Njooni Julai mkae kwenye kikao cha harusi saa tatu usiku ndipo mtaelewa.

HATUA YA 1: Soma kibandiko mashine ikiwa bado kwenye gari. Volti 380 hadi 415, fezi 3, hezi 50. Piga picha ukubwa wa breka walioandika. Kama haviendani na umeme wako, isishuke.

HATUA YA 2: Kitako. Zege la sentimita 15, lipimwe kwa pimamaji, na liinuke juu ya ardhi. Wakati wa kupasha, koili ya nje ndiyo inakuwa ya baridi, inatoa maji na usiku wa Julai inaweza kushika barafu. Mashine itaiyeyusha barafu yenyewe, lakini maji yanahitaji pa kwenda. Acha mita moja kila upande na juu pawe wazi kabisa, usiweke hata kibanda cha kivuli. Chini ya miguu weka raba.

HATUA YA 3: Kunyanyua. Ni kilo 400 na zaidi, tafuta kreni. Mikanda ipite kwenye matundu ya besi, juu weka mbao za kuitenganisha isibane kabati. Usiilaze ubavu. Ikishakaa, fungua vifungo vya safari kwenye kompresa, kama kitabu cha mashine kinasema vipo.

HATUA YA 4: Dakti. Kati ya mashine na dakti weka kanvasi ili mtikisiko usiingie ndani. Ziba kila maungio, vika sufi ya kioo, juu yake bati la kuzuia mvua. Zingatia zaidi upande wa riteni (hewa inayorudi kwenye mashine), maana ukivuja unavuta vumbi na joto la nje. Hewa ni kama lita 190 kwa sekunde kwa kila tani, ila sisi tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Feni isukume zaidi kidogo. Kama ni ya mkanda, rekebisha puli.

HATUA YA 5: BOMBA LA MAJI. Hapa tulieni.

Pakeji yangu ya kwanza niliifunga mwezi wa saba. Kwenye trei ya maji, ile inayopokea maji yanayodondoka kwenye koili ya ndani, nikaunga bomba la PVC lililonyooka, lina mteremko mzuri, nikasema maji hufuata mteremko. Tukaijaribu ukumbi ukiwa mtupu, hewa kavu, hata tone halikuonekana. Mwenye ukumbi akalipa. Desemba ikaja harusi, watu wamejaa, kila mtu anapumua na kutoa jasho. Katikati ya sherehe maji yakaanza kushuka kwenye tundu la hewa lililokuwa juu kabisa ya meza ya maharusi. Bibi harusi alihamishwa kiti. Nilirudisha pesa ya ufundi na nikalipia dari, na mpaka leo nikipita pale roho inaniuma.

Sababu ni hii. Kwenye pakeji nyingi feni iko baada ya koili, inavuta hewa. Kwa hiyo sehemu yenye trei ina mvuto, yaani inanyonya hewa. Bomba likiwa wazi, feni inavuta hewa ya nje kupitia bomba lilelile, na maji yanazuiwa kutoka. Trei inajaa, inafurika, feni inarusha matone kwenye dakti, dakti inayaleta ukumbini.

Nikarudi na kuweka trapu, ile kona ya U kama ya chini ya sinki. Ikavuja tena! Kosa la pili: niliacha mdomo wa kutokea uwe usawa mmoja na tundu la trei. Trapu ya pakeji si ya sinki. Mdomo wa kutokea lazima uwe CHINI ya tundu la trei, na umbali huo unatokana na nguvu ya mvuto huo wa feni. Paskali 10 ni karibu milimita 1 ya maji. Kama sehemu ya trei ina mvuto wa paskali 300, hizo ni milimita 30, ongeza 25 za usalama, unapata 55. Kina cha maji yanayobaki ndani ya U kisipungue nusu ya hapo. Mimi siku hizi sifanyi hesabu ndogondogo: nashuka milimita 100 kutoka tundu la trei hadi mdomo wa kutokea, na U yenyewe inabaki na maji ya milimita 50 au zaidi. Kitabu cha mashine kikitaka zaidi, fuata kitabu.

Tahadhari za hapahapa:
- Bomba la kupumulia likiwepo, liwe BAADA ya trapu. Likiwa kabla, umerudi kwenye bomba lililo wazi.
- Trapu moja tu. Ukiweka mbili kwenye bomba moja hewa inanasa katikati na maji yanagoma.
- Jaza maji kwa mkono kabla ya kuwasha. Trapu kavu ni sawa na kukosa trapu.
- Weka kifuniko cha kufungua kwa ajili ya kusafisha. Ute na vumbi vitaziba tu.
- Huku kwetu, Juni hadi Agosti mashine inapasha, trei haipati maji, trapu inakauka. Kabla joto halijaanza pita umwagie maji. Wateja wangu nimewawekea ukumbusho wa Septemba kwenye simu.
- Usijaribu ukumbi mtupu ukasema imepona. Mwaga lita mbili tatu kwenye trei feni ikiwa inazunguka NA milango ya kabati imefungwa. Mlango ukiwa wazi mvuto haupo, na jaribio litakudanganya.

HATUA YA 6: Umeme. Fundi mwenye leseni ya EWURA, swichi ya kukatia karibu na mashine, arthi ya kweli. Basi.

HATUA YA 7: Kuwasha. Washa swichi kuu masaa 24 kabla ya kuwasha kompresa, ili hita yake iitenganishe gesi na oili. Kisha mpangilio wa fezi. Kompresa za skroli zikizunguka kinyume zinapiga kelele ya ajabu na hazipozi, na ukiziacha hivyo zinakufa. Zima, badilishana waya mbili za fezi kwenye umeme unaoingia. Usibadili waya za ndani ya mashine. Weka na rilei ya kulinda fezi, kwa sababu mafundi wa nguzo wakija kutengeneza laini wanaweza kurudisha umeme kwa mpangilio mwingine.

HATUA YA 8: Pima joto la riteni na saplai (hewa inayotoka kwenye mashine) baada ya dakika 20. Ikipoza, tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Kisha jaribu kupasha.

Maswali karibuni.

MjasiriamaliMoshi: Fundi asante kwa somo. Ya kwangu inadondosha maji ndani, shida itakuwa nini?

FunguaKoili (mleta uzi): Hatua ya 5, mkuu. Ndiyo ndefu kuliko zote.

MjasiriamaliMoshi: Nimeipitia haraka. Nisiongeze gesi kwanza?

FunguaKoili: Usiongeze gesi. Isome taratibu, kisha nenda kaangalie kama kuna U kwenye bomba. Ukishaangalia rudi na picha.

BintiVETA: Shikamoo fundi. Niko mwaka wa pili majokofu na viyoyozi. Sijaelewa jambo moja: maji yana uzito wake, kwa nini yashindwe na mvuto mdogo hivyo?

FunguaKoili: Marahaba binti, swali zuri sana. Chukua mrija wa soda, utumbukize, nyonya kidogo tu ushikilie. Soda imesimama ndani ya mrija, haishuki wala haipandi. Uzito wake upo, ila mvuto wa mdomo wako unaubeba. Feni nayo ni mdomo. Mvuto wa paskali 300 unabeba safu ya maji ya milimita 30 na si zaidi. Kwa hiyo ukiyapa maji nafasi ya kusimama milimita 30 juu ya mdomo wa kutokea, na bado yawe chini ya trei, yanayoongezeka yote yatatoka yenyewe. Mdomo ukiwa usawa wa trei, hizo milimita 30 zitasimama wapi? Ndani ya trei. Chuoni mkiwa na manomita (kipimo cha mgandamizo wa hewa), toboa tundu dogo karibu na trei mpime, kisha pima filta ikiwa chafu. Utaona mvuto umebadilika, na ndipo utajua kwa nini tunaongeza zile 25. Njoo utuambie mmepata ngapi.

BintiVETA: Nimeelewa kabisa, nitaleta majibu.

Kontena40: Wakuu nina pakeji nzuri tani 5 imetoka Marekani, imeandikwa 208/230, hezi 60. Nataka kuifunga kwenye umeme wa nyumbani, si ni 230 ileile?

FunguaKoili: Hatua ya 1. Volti zinafanana, hezi hazifanani. Kwenye hezi 50 mota ya hezi 60 inazunguka pungufu kwa moja ya sita, inavuta ampea nyingi na inachemka. Kama kibandiko hakitaji hezi 50, usiifunge.

Kontena40: Jamaa yangu kafunga na inafanya kazi.

FunguaKoili: Nimeshakujibu, mkuu. Mashine ni yako.

Mkongwe_wa_Dakti: Mimi nina miaka mingi kwenye hii kazi, pakeji nyingine nimefunga bila trapu na hazijavuja. Unawatisha vijana.

FunguaKoili: Mzee wangu, sitishi mtu. Kuna mashine ambazo feni iko kabla ya koili, inasukuma. Hizo trei yake haina mvuto, maji yanatoka hata bila trapu, lakini unapoteza hewa ya baridi kupitia bomba. Kama ni hizo, hatupingani. Kama ni za kuvuta, nitajie moja twende tuitazame pamoja.

Mkongwe_wa_Dakti: Sawa, nyingi zilikuwa za kusukuma. Nakubali.

NjombeBaridi: Yangu ina kituko. Nikiweka kupoza inapasha, nikiweka kupasha inapoza. Nimebadilisha thamostati, bado.

FunguaKoili: Asante kwa kueleza ulichokwisha jaribu. Angalia waya wa O/B. Ndio unaoendesha vali ya kugeuza gesi. Mashine nyingi hupewa umeme kwenye waya huo wakati wa kupoza, hiyo ni O. Chache hupewa wakati wa kupasha, hiyo ni B. Ingia kwenye mipangilio ya thamostati ubadilishe O iwe B. Thamostati mpya ulikuta imewekwa O kutoka kiwandani, ndiyo maana tatizo halikuondoka.

NjombeBaridi: Imekubali! Dakika mbili tu. Mungu akubariki fundi.

PwaniTulivu: Huku Mombasa chumvi inatafuna koili. Mnafanyaje?

FunguaKoili: Isiangalie bahari moja kwa moja, na ukiagiza omba koili iliyopakwa rangi ya kinga. Ioshe kwa maji baridi ya kawaida kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa. Usitumie mashine ya kuoshea magari, inalaza mapezi.

PwaniTulivu: Na sisimizi? Nimefungua boksi la umeme nimekuta wamejaa kwenye kontakta (swichi ya sumaku inayowasha kompresa), ilikuwa haishiki.

Mkongwe_wa_Dakti: Hao nawajua. Zima swichi kuu, ng'oa kontakta, ipulize, ikiwa imeungua badili. Kisha ziba matundu ya waya kwa silikoni. Na mjusi naye anapita hapohapo, mmoja aliwahi kuniunguzia bodi nzima.

FunguaKoili: Mzee, hilo la silikoni naliongeza kwenye Hatua ya 6 sasa hivi.