Ajira mbili, PIN moja ya KRA

Asubuhi nafundisha chekechea hapa Nakuru, jioni nauza kwenye duka la dawa. Nafuu ya kodi ya shilingi 2,400 kwa mwezi hutolewa na mwajiri mmoja tu, kwa hivyo mwambie wa pili mapema asikupe.

Shida ni kwamba kila mmoja hukata PAYE (kodi ya mshahara) kana kwamba mwenzake hayupo. Tuseme mapato yanayotozwa kodi ni 30,000 huku na 20,000 kule: watakata 1,500 (baada ya nafuu) na 2,000 (bila nafuu). KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, nao wanajumlisha chini ya PIN yako moja (namba ya mlipakodi), na kwa kuwa kiwango hupanda mapato yakipanda, kodi ya 50,000 baada ya nafuu ni kama 7,383. Karibu 3,900 kila mwezi ni deni lako! Mimi huziweka kando mshahara ukiingia tu. Mwaka ukiisha, dai P9 (fomu ya mshahara na kodi ya mwaka mzima) kwa wote wawili, ujaze zote kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA, kabla ya Juni 30.