Jinsi ya Kuhakiki Futuhi ya Uhalifu Inayopendeza Macho Lakini Isiyoridhisha

Ukimaliza kutazama tamthilia ya uhalifu yenye vichekesho, ukavutiwa na maleba, muziki na rangi zake, na bado ukabaki na dukuduku usiloweza kulieleza, usianze kuandika uhakiki papo hapo. Rudia sehemu ya kwanza, safari hii ukiwa umeipa skrini kisogo, usikilize mazungumzo peke yake. Kama wahusika wote wanaongea kwa ulimi mmoja, hata usitambue yupi ni mpelelezi na yupi ni jambazi, basi umeuona ufa wa kwanza, kwa kuwa kicheko huzaliwa na tabia ya mtu kabla ya kuzaliwa na umahiri wa sentensi.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Orodhesha kila anayeuawa katika msimu mzima, kisha kando ya kila jina uandike ni nani aliyemlilia, ni nani aliyepata hasara, na kifo hicho kinakumbukwa tena katika sehemu ipi. Futuhi ya uhalifu huchekesha kwa sababu hatari iliyomo ni ya kweli: mtu anadanganya ili ajinusuru, uongo unazaa uongo, nasi tunacheka huku tukimhofia. Maiti zikigeuzwa pambo la mandhari, hofu hutoweka, na kicheko huifuata. Mara nyingi nimekuta safu ya pili ya orodha hiyo ikiwa tupu kabisa, na hapo sikuhitaji ushahidi mwingine.

Usiharakishe, hata hivyo, kulaumu fumbo jepesi. Katika Columbo, iliyoanza kuonyeshwa kama mfululizo kwenye NBC ya Marekani mwaka 1971, kwa kawaida mtazamaji humjua muuaji tangu mwanzo, na bado taharuki hudumu, kwa sababu swali ni jinsi mpelelezi yule, aliyeigizwa na Peter Falk, atakavyomnasa. Tafuta swali ambalo tamthilia yako imeliahidi, uipime kwa hilo.

Pima pia urefu wa kisa. Filamu ya Fargo ya mwaka 1996 haifiki dakika 100, na tamthilia iliyotokana nayo mwaka 2014 ilijaza sehemu 10 za msimu wa kwanza kwa kisa kipya na wahusika wapya, badala ya kuuvuta mkasa wa zamani. Ukiweza kuruka sehemu mbili za katikati bila kupotea, zitaje kwa namba zake.

Unapoandika, mpiga picha, mbunifu wa maleba na waigizaji wasibebeshwe kosa la mswada. Wasifu kwa wanachostahili, kisha eleza kwa ukamilifu onyesho moja ambamo urembo ulichukua nafasi ya kisa, na onyesho hilo ulichague kutoka nusu ya kwanza ya msimu, ili ambaye hajatazama asifichuliwe mwisho.