Benchi dogo la seremala lifanye kazi nyingi

Benchi dogo huharibika pale kila kifaa kinapofungwa juu yake moja kwa moja. Grainda (mashine ya jiwe la kunolea) inakaa kona moja, stendi ya drili kona nyingine, na hatimaye hakuna pa kulaza ubao wa mita moja uurande. Benchi la sentimita 120 kwa 60 linatosha kuranda, kutoboa, kunoa, kukata na kugundisha, mradi uso wake ubaki mtupu na kila kifaa kiwekwe na kuondolewa ndani ya dakika moja.

Kwanza lisiyumbe

Shika ukingo wa benchi ulisukume kwa urefu wake, upande randa inakokwenda. Likicheza, usijisumbue kukaza skrubu tu. Miguu minne na fremu haviwezi kuzuia msukumo huo bila kitu cha kuvifunga kimshazari. Gundisha na piga skrubu kipande cha plaiwudi cha milimita 12 kwenye mgongo wa benchi, na vingine viwili kwenye mbavu zake. Weka rafu chini na uipakie vitu vizito. Likiteleza sakafuni, bandika mpira chini ya miguu.

Uso uwe na unene wa milimita 36 hadi 40. Plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogundishwa zinafaa. Kama ni mbao halisi, matundu ya skrubu zinazoushika kwenye fremu yawe marefu kidogo kukatisha nyuzi, kwa sababu mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana. Ukiibana kabisa itapasuka au kupinda.

Jiliwa na matundu

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kwa anayetumia mkono wa kulia, jiliwa (vaisi, kibanio cha taya mbili) ikae mbele kushoto, karibu na mguu. Chimbia taya ya nyuma ndani ya ukingo, ili ukishaivika ubao iwe sawasawa na uso wa mbele wa benchi. Ikichomoza, ubao mrefu utaegemea taya peke yake na kuchezacheza mwisho wa pili. Vyuma vya taya viwe chini ya uso wa benchi kwa milimita 10 hivi, na mbao za kuvivika zipande hadi usawa wa uso. Randa ikiteleza ikute mbao, si chuma. Funga jiliwa kwa bolti zinazopenya uso mzima, na washa (pete bapa za chuma) pana upande wa pili. Skrubu hung'oka.

Toboa matundu ya milimita 20 ya kusimamishia vigingi vya kuzuia ubao usiteleze. Safu moja itoke kwenye jiliwa kuelekea nyuma ya benchi, nyingine ifuate ukingo wa mbele, sentimita 10 kutoka ukingoni. Umbali kati ya tundu na tundu uwe mdogo kuliko upana jiliwa inavyofunguka, la sivyo kutakuwa na vipimo ambavyo huwezi kuvibana. Sentimita 10 zinatosha kwa jiliwa nyingi. Toboa matundu mengine kwenye mguu wa mbele wa kulia. Kigingi humo hubeba mwisho wa ubao mrefu unaporanda ukingo wake.

Tundu likienda upande, kigingi kitainama na kuinua ubao. Kwa hiyo toboa kwanza tundu lililonyooka kwenye kipande cha mbao cha milimita 40 au zaidi, ulihakiki kwa guni (kipimo cha pembe mraba), kisha kibane juu ya benchi kiongoze biti (keekee ya drili). Chini ya benchi bana ubao wa taka, biti isije ikapasua plaiwudi inapotokea. Vigingi viwe vya mbao ngumu, viingie kwa mkono bila nyundo, na vikae chini ya usawa wa ubao unaorandwa.

Kila mashine na kitako chake

Kata vitako vya plaiwudi ya milimita 18, sentimita 30 kwa 40. Chini ya kila kimoja gundisha na piga skrubu papi (kipande chembamba cha mbao) ya sentimita 5 kwa 5, sentimita 10 kutoka ukingo wa mbele. Papi inabanwa na jiliwa, sehemu kubwa ya kitako inalala juu ya benchi. Uzito wa mashine uelekee nyuma ya papi, na stendi ya drili iongezewe klampu nyuma. Kabla ya kuwasha grainda, fagia maranda yote. Cheche ndani ya maranda huweza kuwaka baadaye, ukiwa umeshaondoka.

Kitako kimoja kiwe sanduku la kimo cha sentimita 15 hadi 20. Kuranda kunataka benchi lifike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama, lakini kuchonga viungo kwa patasi kunataka kazi ikaribie kiwiko. Sanduku hili linauokoa mgongo kuliko kifaa chochote cha bei.

Ruta chini ya uso

Mwisho wa kulia, mbali na jiliwa, kata dirisha lenye kidato (ngazi ya kuegemea) cha milimita 15 pande zote. Lalia humo sahani ya alumini ya milimita 6 iliyofungiwa ruta (mashine ya biti inayozunguka, ya kuchongea kingo na mifereji), na skrubu nne za pembeni za kusawazisha. Tengeneza pia kifuniko cha plaiwudi cha kipimo hicho hicho. Ubao wa kuongozea ufungwe bolti upande mmoja na klampu upande wa pili: si lazima uwe sambamba na ukingo, kwani biti ni ya duara na kinachohesabika ni umbali tu. Ubao huo ukiwa nyuma ya biti, sukuma kazi kutoka kulia kwenda kushoto. Usipitishe kipande kati yake na biti, kitanyakuliwa. Ondoa milimita 3 kwa mkupuo mmoja, na chomoa umeme kabla ya kugusa biti.

Kwa kukata na msumeno wa umeme, laza benchini ubao wa taka, ukiacha meno yazame milimita 3 hadi 5 tu chini ya kazi. Kwa gundi, tandika nailoni. Uso wa benchi wenyewe upake mafuta ya kitani na uyafute yakauke vizuri. Vanishi huufanya utelezi na ubao hautatulia.