Kabla ya kuacha kutafuna kucha, hesabu

Ukitaka kuacha kutafuna kucha, usianze kwa kujikataza. Kwa siku 3 beba kijikaratasi; kila mkono ukifika mdomoni, chora kistari na uandike ulikuwa wapi, ukifanya nini. Mimi niliamini ni wasiwasi wa pesa, kumbe ni ile nusu saa ya kungoja matatu ijae pale Kondele, Kisumu, mikono ikiwa haina kazi. Ukishaujua wakati wako, mkono ukianza tu kupanda kunja ngumi, dole gumba ndani, uikaze kiasi kwa dakika 1 hadi 3 huku ukipumua polepole. Wanasaikolojia wa Marekani, Azrin na Nunn, waliieleza njia hii mwaka 1973. Inafaulu kwa sababu mkono hupanda bila wewe kujua: kistari kinakuzindua, na kucha iliyo ndani ya ngumi haitafuniki. Wengi hupaka pilipili au mwarobaini, lakini ukinawa ili ule ugali, uchungu umeshaondoka, na hata usipoondoka hujajifunza mkono unapanda lini.

Itakushinda ukiruka hatua ya kuhesabu, maana utakunja ngumi ukiwa umeshachelewa. Usingizini haisaidii kabisa. Kucha iliyochanika nayo huuvuta mdomo, kwa hivyo tembea na kikata kucha. Na kidole kikivimba au kutoa usaha, nenda zahanati kwanza.