Jinsi ya Kuandaa Andiko la Shamba la Sola la Jamii Lenye Kituo cha Kuchaji Vyombo vya Umeme

Maandiko mengi ya miradi ya sola huanza na paneli: ngapi, za wati ngapi, zitakaa wapi. Mradi ukiwa na kituo cha kuchaji, anzeni na magurudumu. Nani atakuja kuchaji, anatembea kilomita ngapi kwa siku, na chombo chake husimama saa zipi? Hilo la saa ndilo linalobeba mradi mzima. Sehemu kubwa ya umeme wa jua hupatikana kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Wateja wenu wakija saa 2 usiku, mtakuwa mmeuza umeme wa mchana kwa gridi kwa bei ndogo, kisha mnanunua wa usiku kwa bei kubwa, au mmeweka betri ghali ambayo hamkuipigia hesabu. Mfadhili makini ataliona hilo kabla hajamaliza ukurasa wa pili.

Kuhesabu mahitaji

Fanyeni hesabu ya vyombo kwa wiki mbili, siku za mapumziko zikiwemo. Kwa kila chombo andikeni kilomita kwa siku na saa za kusimama. Pikipiki ya umeme hutumia takriban uniti 3 hadi 5 kwa kilomita 100, na gari dogo uniti 15 hadi 20. Uniti moja hapa ni kilowati-saa moja, kama inavyosomwa kwenye mita.

Tuchukue mfano. Pikipiki 40 zinazotembea kilomita 120 kwa siku, kwa uniti 4 kila kilomita 100, zinahitaji uniti 192. Magari 6 yanayotembea kilomita 80, kwa uniti 18 kila kilomita 100, yanahitaji takriban 86. Jumla ni 278, lakini huo ni umeme unaoingia kwenye betri za vyombo. Chaja na betri hupoteza kama asilimia 12 njiani kwa njia ya joto, kwa hiyo gawanyeni 278 kwa 0.88 mpate 316. Ongezeni uniti 14 za taa, kamera na ofisi. Mahitaji ni uniti 330 kwa siku.

Sasa zigawanyeni hizo 330 kwenye jedwali la saa 24. Hapa ndipo pikipiki za kubeba abiria huleta taabu, kwa sababu mchana kutwa ziko barabarani. Dawa yake ni kubadilishana betri: dereva anaacha betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa na kuondoka baada ya dakika chache, huku betri aliyoiacha ikichajiwa kwa umeme wa jua. Mpango huu unahamisha mzigo wa usiku kuuleta mchana bila kununua benki kubwa ya betri. Gharama yake ni betri za ziada, na pikipiki zote lazima ziwe na betri ya aina moja. Kama waendesha pikipiki wenu wana modeli tano tofauti, semeni hivyo waziwazi kwenye andiko na mpange chaja za kawaida.

Ukubwa wa shamba

Pateni takwimu za jua za eneo lenu kutoka Global Solar Atlas au PVGIS. Zote mbili ni za bure kwenye intaneti. Mnachotafuta ni saa kamili za jua, yaani jua la siku nzima likihesabiwa kana kwamba lote liliwaka kwa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Tumieni mwezi mbaya kuliko yote. Wastani wa mwaka huficha miezi ya mawingu, na hiyo ndiyo miezi ambayo wateja hukimbia.

Mwezi mbaya ukiwa na saa 4, na mfumo ukifikisha 0.77 ya kile paneli zinachoahidi baada ya joto, vumbi, nyaya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa umeme wa aina ya gridi) kuchukua chao, zidisheni 4 kwa 0.77 mpate 3.08, kisha gawanyeni 330 kwa 3.08, yaani kilowati 107. Kwa paneli za wati 550 hizo ni paneli 195. Kila moja ina eneo la mita za mraba 2.6 hivi na uzito wa takriban kilo 28, kwa hiyo paneli peke yake ni mita za mraba 500 na zaidi ya tani 5. Ukiongeza nafasi kati ya safu, njia za kupita na uzio, tengeni mita za mraba 1,100 hadi 1,500. Uwazi wa anga pia uhesabiwe: kivuli cha mti mmoja au mnara wa simu kikigusa pembe ya paneli hushusha umeme wa paneli nyingi zilizounganishwa kwenye mfululizo huohuo. Pimeni vivuli saa 2 asubuhi, adhuhuri na saa 10 jioni, tena kwa msimu ambao jua liko chini kabisa.

Paneli 195 hugawanyika vizuri katika mifululizo 13 ya paneli 15. Paneli ya aina hiyo isiyo na mzigo hutoa takriban volti 50, hivyo mfululizo una volti 750. Kumbukeni kwamba volti hupanda asubuhi ya baridi. Anayebana paneli hadi kwenye kikomo cha inveta kwa hesabu ya nyuzijoto 25 huiunguza inveta siku ya kwanza ya baridi kali. Chagueni inveta mbili za kilowati 50 badala ya moja ya 100. Moja ikiharibika, kituo kinaendelea kufanya kazi kwa nusu.

Barua ya kampuni ya umeme

Iombeni mapema, hata kabla ya kuchora ramani ya mwisho. Mnataka majibu ya mambo matatu kwa maandishi: transfoma iliyo karibu ina uwezo gani na imebakiwa na nafasi kiasi gani, je, mnaruhusiwa kusukuma umeme kwenye gridi na kwa kiwango gani, na uniti mtakazosukuma zitalipwaje.

Mahali penye laini ndefu na nyembamba, volti hupanda adhuhuri wakati shamba linasukuma kwa nguvu, na inveta hujizima ili kulinda laini. Mnapoteza mauzo saa ileile ambayo jua ni kali kuliko zote. Jambo la pili ambalo wanajamii wengi hawalitarajii: inveta ya kawaida ya gridi huzimika umeme wa gridi unapokatika, hata jua likiwa linawaka, ili isiwaue mafundi walioko kwenye nguzo. Kama mnaahidi kuchaji wakati wa mgao, andiko lioneshe inveta ya mseto (inayofanya kazi na betri pia, si gridi pekee), betri na swichi ya kutenga kituo na gridi. Kuhifadhi uniti 60 za jioni kunahitaji betri ya lithiamu ya chuma-fosfeti ya takriban uniti 70, kwa sababu haitumiki hadi sifuri na hupoteza kidogo inapoingiza na kutoa umeme.

Chaja

Msishawishike na chaja ya kasi ya kilowati 50 kwa sababu tu inapendeza kwenye picha. Moja hiyo inaweza kumeza nusu ya shamba lenu kwa mteja mmoja. Gari linalosimama saa nne linatosheka na chaja ya kilowati 7.4, na kilomita zetu 80 za mfano hujazwa kwa saa mbili na ushei. Tena, gari lenye chaja ya ndani ya kilowati 7 litapokea 7 tu hata mkilichomeka kwenye chaja ya kilowati 22.

Chaja 6 za magari kwa 7.4 ni kilowati 44.4, na chaja 40 za betri za pikipiki kwa 0.6 ni 24. Zote zikiwaka pamoja ni 68.4. Wingu likipita, mzigo huo unarukia gridi mara moja, kwa hiyo wekeni mfumo wa kugawa mzigo unaopunguza kasi ya chaja zote badala ya kuangusha swichi kuu. Sharti la kuandika bila kulegeza: chaja zitumie itifaki ya wazi ya OCPP, yaani lugha ya pamoja ambayo chaja na programu ya kuzisimamia huwasiliana kwayo. Msambazaji akifunga biashara, mtahamia programu nyingine. La sivyo mtabaki na masanduku yaliyokufa ukutani.

Kuchaji gari ni ampea 32 kwa saa kadhaa mfululizo. Soketi ya kawaida ya ukutani hugeuka rangi ya kahawia pembeni, kisha huyeyuka. Kila chaja iwe na waya wake kutoka kwenye bodi, kivunja sakiti chake, na kinga ya uvujaji wa umeme inayotambua pia mkondo mnyoofu (DC) wa miliampea 6.

Umiliki na fedha

Mkataba wa ardhi uzidi muda wa mkopo na ufikie walau miaka 25, umri ambao paneli nyingi hudhaminiwa. Andikeni nani anapiga kura, mwanachama akihama hisa zake zinakwenda wapi, na nani anaidhinisha bei.

Kwenye fedha, oneshaneni ukweli. Tengenezeni hesabu tatu za mauzo: kamili, robo tatu na nusu, kwa sababu mwaka wa kwanza vyombo huwa vichache. Paneli hupungua nguvu kama asilimia 0.5 kwa mwaka. Inveta hubadilishwa kati ya mwaka wa 10 na wa 15, na fedha zake zianze kutengwa tangu mwezi wa kwanza, kwenye akaunti isiyogawiwa wanahisa. Baada ya matumizi yote, kinachobaki kizidi rejesho la mkopo walau mara 1.2 hadi 1.3. Hesabu ya nusu isipofikia hapo, punguzeni shamba; kukuza mauzo kwenye karatasi hakutalipa benki.

Barua za wateja zina uzito kuliko sahihi mia za wanakijiji wanaounga mkono. Barua moja ya kikundi cha madereva inayotaja idadi ya vyombo, kilomita na saa za kuchaji inaingia moja kwa moja kwenye jedwali lenu.

Viambatisho na masharti ya mkandarasi

Ambatisheni mchoro wa mstari mmoja wa umeme (unaoonesha kwa ufupi jinsi vifaa vyote vinavyounganishwa), ramani ya eneo, vipimo vya vivuli, jedwali la saa 24, barua ya kampuni ya umeme na mkataba wa ardhi. Kwenye masharti ya kazi, paneli ziwe na vyeti vya IEC 61215 na IEC 61730, viwango vya kimataifa vya ubora na usalama wa paneli. Viunganishi vya nyaya za paneli, dume na jike, vyote viwe vya mtengenezaji mmoja. Vya watengenezaji tofauti huingiana na kulia kwa sauti ileile ya kufunga, lakini ndani mguso unakuwa hafifu, hupata joto miezi kadhaa, na mwishowe hushika moto juu ya paa au kwenye nyasi kavu.

Zuieni asilimia 5 hadi 10 ya malipo hadi vipimo vya IEC 62446-1 vifanyike mbele ya mjumbe wenu: volti ya kila mfululizo, mwelekeo wa chanya na hasi, uimara wa insulesheni na mwendelezo wa waya wa ardhi. Mifululizo 13 yenye paneli sawa inapaswa kusoma volti zinazokaribiana. Mmoja ukipungukiwa na volti 50 hivi, kuna paneli iliyorukwa, na mkandarasi airekebishe kabla ya kulipwa.