Somo: Kuchagua na Kufunga Kamera ya Nyuma ya Bei Nafuu kwenye Gari la Kulala Safarini

Swali la kamera ya nyuma limeulizwa mara nyingi kiasi kwamba majibu yangu yameanza kuwa mafupi kuliko adabu inavyoruhusu. Kwa hiyo ninaandika yote hapa mara moja, na atakayeuliza bila kusoma nitamrudisha kwenye somo hili. Ninazungumzia magari ambayo wengi wetu hapa Nairobi tumeyageuza kuwa ya kulala, yaani Hiace, mabasi madogo ya Rosa na Coaster, na malori madogo yaliyojengewa chumba nyuma, ambayo kioo chake cha ndani hakioni chochote isipokuwa kabati na godoro.

Msimamo wangu ni kwamba kamera ya bei nafuu inatosha kabisa. Pesa utakayookoa kwenye kamera itumie kwenye kebo, fyuzi na kuziba tundu, kwa sababu kamera nyingi ninazoletewa zikidaiwa kufa huwa ni nzima, na kilichokufa ni kiungo cha waya kilichofungwa kwa tepu na kuachiwa mvua.

KUCHAGUA

Anza na volti ya gari. Hiace hutumia volti 12, ilhali Rosa na Coaster nyingi za dizeli hutumia 24. Kuona betri mbili si ushahidi, kwa kuwa moja inaweza kuwa ya taa na friji za chumbani, na yapo magari ya volti 12 yenye betri mbili zilizounganishwa sambamba. Pima kwa mita. Gari la volti 24 injini ikiunguruma hufikia karibu 28, na kamera iliyoandikwa 12 peke yake haitavumilia.

Pili, kamera na skrini lazima zizungumze lugha moja. Kuna mfumo wa kawaida wa analogi, CVBS, na kuna AHD wenye picha kali zaidi. Zote mbili zinaweza kuja na plagi ileile ya manjano, kwa hiyo plagi kuingia hakuthibitishi lolote. Ukiunganisha kamera ya AHD kwenye skrini ya kawaida utapata giza au mistari inayokimbia, kisha utamlaumu muuzaji bure. Kwenye AHD linganisha pia ukubwa wa picha, 720 au 1080, na idadi ya picha kwa sekunde, 25 au 30. Ukinunua vifaa Luthuli Avenue, mwombe muuzaji aviwashe vyote viwili pamoja mbele yako, na akikataa nenda duka linalofuata.

Upana wa jicho wa nyuzi 120 hadi 150 unatosha. Za 170 hupinda picha na kufanya ukuta ulio karibu uonekane uko mbali, jambo ambalo ni hatari kuliko kutokuwa na kamera. Kwa maji na vumbi tafuta IP67 au zaidi, maana IP67 ni kiwango cha kutoingiza vumbi kabisa na kustahimili kuzamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30.

Kuhusu kamera zisizo na waya, nyingi za bei nafuu hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo hutumiwa pia na Wi-Fi. Kati ya kamera na skrini kuna bati, tangi la maji na friji, na foleni ya Thika Road imejaa matatu zenye Wi-Fi. Tena kamera yenyewe bado inahitaji waya wa umeme, kwa hiyo kazi unayookoa ni nusu tu.

KUFUNGA

Hatua ya 1. Unganisha kila kitu mezani kwa betri na fyuzi, kisha kiache kiwake kwa saa moja. Weka mbele ya kamera karatasi yenye maandishi makubwa. Kwa kamera ya nyuma, maandishi yanapaswa kuonekana yamegeuzwa kama kwenye kioo, ili kilicho kulia kwa gari kionekane kulia kwenye skrini. Yakisomeka sawasawa, kamera imepangwa kwa matumizi ya mbele. Kamera nyingi zina kitanzi kidogo cha waya ambacho kikikatwa hubadilisha mpangilio huo, na kingine cha kuondoa mistari ya mwongozo. Rangi hutofautiana, kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kushika mkasi.

Hatua ya 2. Chagua mahali pa kamera. Kwenye gari refu iweke juu, katikati, ikitazama chini kiasi cha kuonyesha ukingo wa bampa. Ya kwenye namba ya gari itazibwa na gurudumu la akiba au baiskeli.

Hatua ya 3. Kutoboa bodi. Hapa ndipo magari huharibiwa, kwa hiyo nenda polepole. Kabla ya kugusa keekee, fungua ubao wa ndani na uangalie kwa macho yako kilicho nyuma yake, kwa sababu ukuta wa gari la kulala hubeba nyaya za taa, na pengine bomba la gesi, vikiwa vimefichwa ndani ya sifongo. Usikadirie. Anza na tundu dogo, ulipanue hadi plagi ipite, kisha lainisha ukingo kwa tupa na uupake rangi ya kuzuia kutu hadi bati tupu lisionekane. Rangi ikikauka vizuri, weka mpira wa tundu, kwa maana kebo inayogusa bati kavu hukatwa na mtikisiko wa barabara ya murram taratibu bila wewe kujua. Ziba kwa gundi ya poliyurethani ya magari. Usitumie silikoni inayonuka siki, kwani harufu hiyo ni asidi ya asetiki, na asidi hiyo hula bati lililo wazi. Mwisho, kabla kebo haijaingia tunduni, iache ining'inie kidogo chini ya usawa wa tundu kisha ipande, ili maji ya mvua yadondoke kwenye pindo badala ya kuifuata hadi ndani. Gari lililotobolewa vibaya halionyeshi dosari wakati wa jua. Litaionyesha masika ya Aprili, kwa godoro kulowa upande mmoja na ubao kuvimba.

Hatua ya 4. Pitisha kebo. Kama kamera iko kwenye mlango wa nyuma, tumia mpira unaopitisha nyaya za mlango kwenda kwenye bodi, na ufungue mlango hadi mwisho kabla ya kubana kebo popote. Kusiwe na kiungo ndani ya mpira huo. Pima urefu kwa kamba kwenye njia yenyewe, kwa kuwa kebo ya mita 6 inayokuja na kamera haitoshi kwa Rosa yenye urefu wa karibu mita 7, ambayo kebo yake hupanda, huzunguka na kushuka.

Hatua ya 5. Umeme. Zuia magurudumu kwa mawe, vuta breki ya mkono, washa swichi bila kuwasha injini, weka gia ya rivasi, kisha utafute kwa mita waya wa taa ya rivasi. Waya mwekundu wa kamera huenda hapo kupitia fyuzi ya ampia 2, na mweusi huenda kwenye bati safi lililokwanguliwa rangi. Ndani ya kebo ya picha kuna waya mwembamba mwekundu unaotokeza kila upande. Kazi yake ni kuiambia skrini kwamba rivasi imeingia. Ukiutumia, uunganishe ncha zote mbili, na usipoutumia, zifunike zote mbili. Ukiunganisha upande wa nyuma tu na ncha ya mbele ikagusa bodi, fyuzi ya taa za rivasi itaungua, na kwenye Toyota kadhaa fyuzi hiyo hulisha pia mita za dashibodi.

Hatua ya 6. Funga skrini mahali ambapo haizibi barabara.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Rongai: Nimefunga lakini skrini haionyeshi kitu. Tatizo ni nini?

Jibu: Gari gani, volti ngapi, kamera ya mfumo gani na skrini ya mfumo gani? Bila hayo hata mganga atashindwa.

Mwanachama wa Rongai: Ni Rosa. Kamera imeandikwa 12V. Fundi ameunganisha moja kwa moja kwenye taa.

Jibu: Umeshajijibu, ndugu. Soma aya ya kwanza ya kuchagua. Nunua kamera ya volti 12 hadi 24, au kigeuzi cha kushusha 24 kuwa 12. Usikubali fundi achukue volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya mbili, kwani moja itachoka kabla ya mwenzake na utanunua zote mbili.

Mwanachama wa Kikuyu: Asante kwa somo. Picha yangu ni safi injini ikiwa imezimwa, lakini ikiwaka inaingia mistari ya mlalo inayopanda polepole. Kamera nimeilisha kutoka betri ya chumbani, na skrini kutoka betri ya gari. Je, inawezekana hizo mbili zinagombana?

Jibu: Dada, umekaribia kulimaliza mwenyewe. Betri hizo mbili zina njia tofauti za hasi, na alteneta ikichaji hutokea tofauti ndogo ya volti kati yake. Tofauti hiyo hupita kwenye ganda la kebo ya picha na kuonekana kama mistari. Lisha kamera na skrini kutoka chanzo kimoja, na hasi zake zikutane mahali pamoja. Mistari ikibaki, ongeza kichujio cha umeme kwenye waya wa kamera, na uisogeze kebo ya picha mbali na waya mnene wa alteneta.

Mwanachama wa Kikuyu: Imekwisha baada ya kuhamisha waya mmoja. Je, naweza kuiona nyuma hata ninapoendesha kwenda mbele?

Jibu: Vizuri sana. Ndiyo. Tumia relei, yaani swichi inayowashwa na umeme: pini ya 30 ipate umeme wenye fyuzi kutoka betri, ya 87 iende kwa kamera, ya 85 kwenye bodi, na ya 86 kwenye waya unaopata umeme swichi ikiwashwa. Hapo kamera itazimika ukizima gari na haitanyonya betri usiku. Relei hiyo inawafaa pia wenye magari mapya ya Ulaya ambayo umeme wa taa zake hukatwakatwa na kompyuta na kufanya picha imetemete, ila hao wapeleke 86 kwenye taa ya rivasi, na waweke kapasita ndogo (kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo) hapo relei ikitetemeka.

Mwanachama wa Ruaka: Fundi wangu anasema siku hizi watu hawatumii waya, somo hili limepitwa na wakati.

Jibu: Sijamzuia mtu. Nimeeleza sababu, na sababu hazina umri. Kama yake inafanya kazi kwenye gari la bati lenye urefu wa mita 7, atuwekee video akiwa kwenye foleni ya Globe, katikati ya Nairobi, saa kumi na moja jioni.

Mwanachama wa Thika: Mistari ya kijani na nyekundu ya kamera yangu inanidanganya. Nyekundu inaonyesha nimefika, kumbe bado nina nafasi ya kutosha.

Jibu: Mistari hiyo huchorwa kiwandani kwa kamera iliyo chini, na yako, mzee wangu, iko juu. Izime. Egesha kwenye uwanja tambarare, weka mawe mita 1 na mita 2 kutoka kwenye bampa, kisha ubandike vipande vyembamba vya tepu kwenye skrini pale mawe yanapoonekana.

Mwanachama wa Thika: Nimefanya. Naongeza jambo: usiku kwenye kambi za Naivasha taa ndogo za kamera hurudi kwenye bodi nyeupe na picha yote hung'aa.

Jibu: Kweli, hasa kamera ikiwa imezama ndani ya kishikio. Isogeze nje kidogo, au paka rangi nyeusi isiyong'aa kwenye sehemu ya bodi inayomulikwa. Vumbi la Magadi lifute kwa maji na kitambaa laini, wala usilisugue likiwa kavu, kwa kuwa litakwaruza kioo.

Mwanachama wa Rongai: Kigeuzi nimepata Kirinyaga Road, ampia 5. Kinatosha?

Jibu: Kinatosha kwa kamera na skrini zote mbili. Weka fyuzi upande wa volti 24, na safari hii pima kabla ya kuunganisha.